Asali Isiyonuka Moshi

Sogeeni karibu, ninyi mnaoingia kazi ya asali siku hizi na vipimo vyenu vya kioo. Kipimo changu mimi kilikuwa ulimi, na bado ninao, ingawa tangu nistaafu umebaki na kazi moja tu ya kusema sana. Hapa Kibondo waliniita Mama Kionjo, na watoto wa shule wakinikuta njiani hawajui kama nina jina jingine. Ninalo, lakini tubaki na hilohilo, limeshanizoea.

Kazi hii sikupewa kwa uhodari wangu. Nilipewa kwa sababu sinywi wala sigusi tumbaku. Warina asali wengi wa kwetu, wale wanaokwenda porini kuitoa asali mizingani, walikuwa watu wa ugoro na pombe ya ndizi. Mtu akishaanza siku na ugoro mdomoni, jioni ukimwonjesha mafuta ya taa anakwambia yana utamu kwa mbali. Basi Mzee Shabani, mfanyabiashara wa asali pale Kasulu mjini, akawa anatafuta mtu mwenye ulimi mtupu, na mtu huyo alikuwa hapohapo dukani kwake, ameshika ufagio.

Mzee Shabani wazazi wake walitoka Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi huku tunazungumza Kiha nyumbani, Kiswahili tunakitoa kama sahani za wageni, kwa hiyo mbele yake nilikuwa naongea kidogo kidogo nisivunje kitu. Alikuwa mpole, lakini kwa maneno alikuwa msumbufu kuliko mama mkwe. Asubuhi ya kwanza alinimiminia asali kijikoni, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni asali nzuri. Akasema hakuuliza kama ni nzuri. Nikasema ni asali safi. Akasema hata maji ya bomba ni safi, siku yakitoka. Nikasema ni asali ya asili. Akatikisa kichwa, akasema asili inamwambia ilikotoka, haimwambii ilikopita. Imetoka porini, sawa, lakini njiani imekutana na nani? Hapo nikachoka, nikamwambia basi ni halisi. Akakiweka kijiko mezani taratibu.

"Umeiona ikitoka mtini?"

Nilikuwa sijaiona. Nikatikisa kichwa.

"Basi hilo neno lirudishe mfukoni, mwanangu. Utalitoa siku una hakika nalo."

Nilirudi nyumbani nikimsema njia nzima. Mtu mzima mimi, nina watoto wakubwa, nimekwenda kuonja asali nafundishwa kusema! Lakini mshahara ulikuwa mshahara, nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, na yale maneno yakaanza kuniingia bila mimi kupenda.

Sasa niwaambie kosa langu la kwanza, mcheke mapema tumalize. Vijana wa dukani walinifundisha kipimo cha njiti. Unachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, unaiwasha. Ikiwaka, asali ni ya kweli, isipowaka, imetiwa maji. Nikakipenda mno kipimo hicho kwa sababu kilikuwa na mbwembwe, watu walikuwa wanasimama kutazama. Masika moja akaja mzee mmoja kutoka Nyakitonto, madumu yake kayafunga nyuma ya baiskeli, kaloa hadi kofia. Nikachovya njiti, nikaiwasha, kimya. Nikachovya nyingine, kimya. Nikamwambia mbele za watu kwamba asali yake imechakachuliwa. Mzee wa watu akabaki kashika usukani wa baiskeli, mdomo wazi. Mzee Shabani akatoka ndani, akachukua njiti ambayo haijaguswa na asali, akaipiga. Kimya vilevile. Kiberiti chenyewe kilikuwa kimenyonya unyevu wa mvua hadi kikawa laini.

"Binti," akaniambia, "umepima asali au umepima kiberiti?"

Duka zima liliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni yule mzee wa Nyakitonto. Tangu siku hiyo kila akileta mzigo alikuwa ananipa kwanza kiberiti kipya, kikavu, kakifunga kwenye mfuko wa nailoni, ananiambia shika vifaa vyako vya kazi. Njiti niliziacha. Nikajifunza kwamba asali unaiuliza kwa ulimi. Sukari iliyopikwa inapiga ncha ya ulimi, inakimbia. Ukimeza, huna kitu. Asali inaanza pole, inapita katikati, halafu inakwaruza kidogo kooni, na ukishameza bado iko pale inakungoja. Na ikiganda wakati wa baridi msiitupe, wala msimgombeze mtu kwamba katia sukari. Kasulu kuna baridi, asali nayo inajikunyata kama watu. Kiwekeni chombo juani, itarudi.

Neno kuchakachua wakati ule lilikuwa bado jipya. Nazungumzia miaka ya 2012 hadi 2015. Lilikuja na redio, wakisema habari za petroli kuchanganywa na mafuta ya taa, na lilipofika huku kwetu likapata kazi kuliko huko lilikotoka. Maziwa yalichakachuliwa, pombe ilichakachuliwa, hata wachumba walichakachuliwa, mtu anaonyeshwa picha hii anakuja kuona sura ile. Feki nalo lilikuwepo, lakini feki ni neno jepesi, kiatu feki mtu anakivaa huku anacheka. Bandia ni zito, lina polisi ndani yake. Ukitaja noti bandia dukani, watu wote wanaangalia mlango. Orijino linapenda karatasi. Kitu kikiitwa orijino lazima kina lebo, na katika vitu vyote duniani hakuna kilicho rahisi kutengeneza kama lebo. Mwanangu wa mwisho yeye kila kilichomfurahisha kilikuwa cha ukweli: muziki wa ukweli, chipsi za ukweli. Nikamuuliza hizo chipsi za uongo zikoje, akaninunia hadi usiku.

Lakini kuna neno moja ambalo Mzee Shabani aliliheshimu kuliko yote, na halina pasi wala redio. Yenyewe. Alisema mtu hawezi kulipanga neno hilo. Linamtoka akiwa bado na kitu mdomoni, kabla akili haijaamka. Akaniambia nikiwa nauza nisiangalie macho ya mnunuzi wala mfuko wake, nisikilize tu kama atasema yenyewe kabla hajameza. Akisema baada ya kumeza, huyo anataka punguzo.

Alinituma mara kadhaa sokoni Nyarugusu, kule kambini kwa wakimbizi, nikauze. Huko nilikutana na mama mmoja wa Kikongo, muuzaji wa maandazi, tulimwita Mama Furaha. Nilimsifia asali yangu kwa maneno yote niliyofundishwa. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni, halafu akaniambia, "Mama, muzuri iko mingi. Mi nauliza, hii iko ya vre?" Vre ni neno lao la Kifaransa, yaani ya kweli. Nikaapa kwamba ni ya vre. Akasema basi nile mimi kwanza. Nikala kijiko kizima mbele yake. Akanitazama koo linavyokwenda, akanunua, na hakuniuliza tena miaka yote. Hicho nacho kipimo, tena cha bure: muuzaji ale. Nimeona watu wakikataa kulamba asali yao wenyewe, wanasema wana kisukari.

Basi. Mzee Shabani alipoanza kuzeeka akapunguza biashara, mimi akanipendekeza kwenye kikundi cha warina asali huku Kibondo. Walikuwa na stoo yao, na kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni. Hakuna dumu lililoingia bila kupita ulimini kwangu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ruhuza, mtu mrefu, mkali, karina tangu utoto wake, na ukitaka ugomvi naye mwambie kuna jambo la nyuki halijui. Kikundi kilikuwa na sheria moja ambayo hata walevi waliikumbuka. Anayechakachua asali anatolewa, na mizinga yake inateremshwa kutoka mitini. Pori tulipewa kwa pamoja, na kila mtu ana miti yake aliyoonyeshwa na wazee. Ukiteremshiwa mizinga, huna pa kuitundika tena.

Siku moja akaja Konsolata. Wakati huo alikuwa mama kijana, ana watoto wawili wadogo, mume kaenda kutafuta maisha na maisha yakamtafuta yeye kwanza, hakurudi. Baba yake Konsolata alikuwa mrina mwenzetu, alikuwa ametoka Burundi zamani, na alipofariki mizinga yake ikabaki kwa binti. Hiyo mizinga ndiyo ilikuwa shamba lake, ndiyo karo, ndiyo chumvi. Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kurina mwenyewe. Akaliweka dumu lake mbele yangu, akasimama kando, mikono kaikunja kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

Nilifungua kifuniko, nikashangaa. Asali zetu zote zilikuwa nyeusi, chai ya rangi ni nyeupe mbele yake. Hii ilikuwa ya manjano, unaona hadi chini. Nikanusa, nikasikia maua. Nikaonja. Ikaanza pole, ikapita katikati, ikakwaruza kooni, ikaningoja. Kila kitu kilikuwa pale isipokuwa kitu kimoja. Haikuwa na moshi.

Lazima niwaeleze jambo hili, ninyi mmezaliwa juzi. Asali ya kwetu ilikuwa inanuka moshi. Wanaume walikuwa wanarina usiku, nyuki wakiwa wamepoa. Wanawasha mwenge wa nyasi, wanaufukiza mzinga hadi nyuki wanalewa, wanachota masega kwa mkono, mabivu na mabichi, na majivu juu yake, kisha wanayakamua. Asali inaunywa moshi huo wote. Sisi tuliikuta hivyo kwa baba zetu, watoto wetu waliachishwa ziwa nayo, na harufu ile ndiyo ilikuwa alama. Asali isiyonuka moshi kwetu ilikuwa kama chai isiyo na majani.

Filipo, mtunza stoo, alikuwa wa kwanza kuonja baada yangu. Akakunja uso, akasema hii imepikwa. Mwingine akasema ni sukari na limau. Habari ikatembea, kufika saa ya mkutano wa kikundi jioni ile stoo imejaa, kila mtu kachovya kidole, kila mtu kasema lake, na dumu la watu limekwisha robo kwa uchunguzi. Mzee Ruhuza naye akaonja, akatema pembeni. Niliumia alipotema, kwa sababu nilikuwa namwangalia Konsolata, na nilimwona anavyokifuata kile kitu kwa macho hadi chini.

"Huyu si wa hapa," mzee akasema, "na asali yake si ya hapa. Sheria ifuatwe."

Konsolata alikuwa msichana wa sauti ndogo, lakini siku hiyo tulimsikia hadi wa nyuma.

"Mzee, mimi nimezaliwa Kibondo. Mizinga ni ya baba, na miti alikoitundika mlimwonyesha ninyi."

Wakanigeukia mimi, wakataka neno. Ni halisi au ni feki, Mama Kionjo, sema tukalale. Na mimi, wanangu, nilikuwa naamini ulimi wangu, ulikuwa unaniambia ile ni asali. Lakini kuamini ni kwangu mimi. Wale walitaka kitu cha kuweka mezani, na nilijua nikisema halisi Mzee Ruhuza ataniuliza nimeiona wapi. Nikamkumbuka Mzee Shabani na kijiko chake. Nikawaambia neno hilo liko mfukoni, sijaiona asali hii ikitoka mtini, wala wao hawajaiona ikipikwa. Nikamuuliza Konsolata kama kuna mzinga ambao hajaurina. Akasema ego, yaani ndiyo, upo mmoja. Nikasema basi twende tukauone, na mwenyekiti awepo kwa macho yake.

Mzee Ruhuza akakubali, akasema tukutane usiku. Konsolata akasema hapana, yeye anarina jua likianza kushuka. Wanaume wakacheka. Nyuki wa mchana! Wakamuuliza nani kamfundisha. Akasema hakufundishwa na mtu, ila usiku ana watoto wawili, angemwachia nani? Nikaona wale wanaume wanatazamana. Walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba wao waliweza kurina usiku kwa sababu kuna mtu alikuwa nyumbani.

Kesho yake mchana tukaenda, Konsolata, Mzee Ruhuza, Filipo na mimi. Ni mwendo wa kutosha, unaacha mashamba, unaingia kwenye miti ya mitundu na mininga, mahali ambapo hata redio ya Filipo ilikata. Tulipokaribia, Konsolata akafungua furushi lake. Ndani kulikuwa na nguo alizoshona mwenyewe kwa viroba vya saruji vilivyofuliwa, suruali na koti, na chandarua cha kufunika uso. Alikuwa ameleta za akiba. Mimi nikavaa yote niliyopewa, chandarua kikanifika kifuani, nikawa kama bibi harusi aliyechelewa. Filipo akavaa huku anaona aibu. Mzee Ruhuza akakataa. Alikuwa kavaa shati jeupe la mikono mifupi na kofia ya mkutano. Akasema yeye na nyuki wa pori hili wanajuana tangu babu wa Konsolata hajazaliwa.

Konsolata hakubishana naye. Akawasha kopo lake la bati lililotobolewa, ndani kaweka samadi kavu ya ng'ombe, moshi ukatoka mwembamba kama wa sigara. Mzinga ule baba yake alikuwa ameufunga kwa kamba inayopita juu ya tawi, hivyo hukuhitaji kupanda. Akaushusha polepole, akauweka chini kwa upole kama mtoto aliyelala. Akapuliza moshi mara chache tu mlangoni, si ndani, akangoja. Kisha akaufungua.

Mzee Ruhuza akasogea aone vizuri.

Nyuki hawakumjua.

Jamani, nimeona watu wakikimbia katika maisha yangu, lakini mwenyekiti akikimbia ni jambo lingine. Kofia ilibaki hewani. Kandambili moja tuliikuta baadaye juu ya kichuguu, nyingine hadi leo iko porini. Filipo kwa hofu tu akalala kifudifudi, kavaa nguo zote na hakuna nyuki hata mmoja aliyemgusa. Mimi nilicheka ndani ya chandarua hadi machozi, na machozi ya chandarua huwezi kuyafuta. Konsolata peke yake hakugeuka. Alikuwa anafanya kazi.

Nikamsogelea, nikaangalia kwa makini, kwa sababu hilo ndilo lililonileta. Alikata masega yaliyofunikwa nta peke yake. Yaliyo wazi akayaacha, yenye watoto wa nyuki akayaacha. Kila sega lilipoingia kwenye ndoo alifunika, moshi usipate njia. Hakukamua kitu. Akaniambia akifika nyumbani anayakatakata, anayaweka juu ya kitambaa, yanachuruzika yenyewe hadi asubuhi. Ikawa hivyo tu. Hakukuwa na sukari wala limau. Kulikuwa na mama ambaye hawezi kutoka usiku, akatafuta njia ya mchana, na njia ya mchana haikuhitaji moshi mwingi.

Alipomaliza akaufunga mzinga, akaupandisha, akakata kipande cha sega akakiweka kwenye jani. Mimi nilikuwa karibu, nikanyoosha mkono. Akanipita. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ruhuza, aliyekuwa kakaa mbali chini ya mti bila kofia, jicho moja limeshafunga, mdomo wa juu umemtangulia. Akapiga magoti kidogo, kama tunavyofanya kwa wazee, akampa kwa mikono miwili.

Mzee akalitazama lile jani kwa jicho moja lililobaki. Nikadhani atakataa. Akatia kipande kizima mdomoni, akatafuna, nta na asali pamoja, na mimi nikawa nalitazama koo lake kama Mama Furaha alivyonitazama mimi.

"Yenyewe," akasema.

Alikuwa hajameza. Nawaapia, alikuwa hajameza. Baadaye ndipo alipomeza, akatema nta, halafu akasema kwa ule mdomo wake uliovimba, "Kumbe miaka yote hii tumekuwa tukiuza moshi." Filipo alikuwa anajifuta majani, akacheka, mzee naye akajaribu kucheka ikashindikana kwa maumivu.

Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti alisimama na uso uleule, watu wakawa wanaumana midomo wasicheke. Wakamuuliza kaona nini. Akasema kaona vya kutosha kwa jicho moja, wamuulize mwenye macho mawili. Nikasimama. Nikasema nimeiona ikitoka mtini hadi ndooni, hakuna kilichoongezwa, na asali ya Konsolata ni halisi. Lilikuwa limekaa mfukoni muda mrefu neno lile, na lilipotoka niliona fahari, sifichi. Konsolata akaziba uso kwa kitenge, analia, halafu akamtazama Mzee Ruhuza akashindwa kuendelea kulia.

Msije mkaidharau asali ya moshi, lakini. Ile nayo ni halisi, haikuongezwa kitu ila tabia zetu. Mke wa Mzee Ruhuza alisema hii mpya ni tamu lakini haina baba, akabaki na ya moshi hadi leo. Stoo tukaweka mapipa mawili, kila mtu akachukua ya moyo wake.

Samahani Mzee Ruhuza hakuisema. Wazee wa kwetu samahani huwatoka kwa mlango wa nyuma. Wiki chache baadaye nilipita nyumbani kwa Konsolata nikamkuta mwenyekiti kasimama uani, mikono kainyoosha, anapimwa koti la kiroba. Akaniona, akasema kaja kukagua ushonaji wa wanachama. Nikamwambia kagua, mzee, kagua vizuri na mgongoni.

Kisha ikaja siku ya kuandika lebo, maana asali ya Konsolata ilikuwa imepata mnunuzi wa mbali na chupa hazina jina. Tukabishana kutwa nzima. Filipo alitaka iandikwe Orijino. Vijana walitaka Asali ya Ukweli. Mwingine akataka Asali Asilia, akaongeza na picha ya simba, simba na asali wapi na wapi. Mimi nikasema tuweke Halisi, nikatoa hotuba ndefu kuhusu neno hilo hadi watu wakaanza kusinzia. Konsolata alikuwa kwenye kona, anafuta chupa. Mwishowe mtu akamkumbuka, akamuuliza mwenye asali anasemaje.

"Andikeni tu asali ya Kibondo," akasema. "Inatosha."

Mzee Ruhuza akaomba kalamu. Yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kukokota, akaandika kwenye karatasi ya mfano: Asali ya Kibondo. Akaitazama. Halafu akainama tena, na chini yake, bila kuombwa na mtu, akaongeza mstari mmoja, akausoma kwa sauti ili wote tusikie: Imerinwa na Konsolata, wa hapa.